Ndugu yako akiwa na sonona: namna ya kumtambua, kumfikisha kwenye tiba na kukaa naye hadi apone

Kwenye zahanati zetu nyingi, mwenye sonona (depression) haingii akisema ana huzuni. Anasema kichwa kinamuuma, kifua kinabana, mgongo unawaka moto, usingizi hauji, chakula hakipiti. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa taifodi, anapewa dawa. Anaambiwa huenda ni vidonda vya tumbo, anapewa dawa nyingine. Mwezi ukiisha anarudi na maneno yale yale, na nyumbani watu wameshaanza kusema amekuwa mvivu, ana kiburi, au amerogwa.

Mwongozo huu ni wa wale wanaoishi naye. Naamini kwa dhati kwamba mara nyingi anayemwokoa mgonjwa wa sonona si daktari bingwa, kwa sababu bingwa yuko mbali na wanaomhitaji ni wengi mno. Ni dada, shemeji, rafiki wa kazini au mama mkwe aliyeona mapema, akamsindikiza, na mwezi wa tatu hakuchoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu wazima 100, watano hadi sita wanaishi na ugonjwa huu, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Ukoo wenye watu wazima 40, basi, huenda una wawili wanaoumwa hivi sasa.

Hatua ya 1: Angalia alivyobadilika, kisha hesabu wiki mbili

Huzuni ya msiba, ya kuachwa au ya kufukuzwa kazi ni ya kila mwanadamu, na ina kupanda na kushuka. Mfiwa analia asubuhi, jioni akikumbushwa vituko vya marehemu anacheka. Sonona haina nafuu ya namna hiyo. Inakaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na inamzuia mtu kufanya aliyokuwa akiyafanya.

Dalili zake kuu ni mbili: moyo kuwa mzito au mtupu bila kupoa, na kupoteza raha ya vitu alivyovipenda. Walau moja kati ya hizo huwapo. Pamoja nayo huja nyingine: usingizi kupotea, hasa kuamka saa tisa usiku na kutolala tena, au kinyume chake kulala kupita kiasi; hamu ya kula kubadilika; uchovu hata siku isiyo na kazi; kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja; kujiona hafai na kujilaumu kwa mambo ya zamani; mwendo na maneno kuwa polepole, au mwili kutotulia kabisa; na mawazo ya kifo. Zote pamoja ni tisa. Madaktari wakikuta tano au zaidi, na moja kati ya zile kuu ikiwamo, wanasema hii ni sonona.

Hayo ndiyo yanayoulizwa kwenye dodoso liitwalo PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3 kulingana na siku ambazo tatizo limemsumbua mtu katika wiki mbili zilizopita, na jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 na kuendelea zinataka aonwe na mtaalamu. 20 na kuendelea ni hali kali. Unaweza kulitumia nyumbani kama njia ya kuanzisha mazungumzo, lakini alama peke yake zisikufanye umtangaze mtu kuwa mgonjwa. Na swali la tisa, la mawazo ya kifo, likijibiwa chochote zaidi ya sifuri, usingoje jumla. Nenda hatua ya 4 papo hapo.

Ugumu ni kwamba sonona haina sura moja, na hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Wanamtafuta mtu anayelia, kumbe aliye mbele yao halii.

Mtazame kwanza *mama mjamzito au aliyejifungua*. Zaidi ya mmoja katika kila kumi hupata sonona katika kipindi hiki. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida na hukauka ndani ya wiki mbili. Yakiendelea, au mama akawa anamtazama mtoto kama wa jirani, hawezi kulala hata mtoto akilala, au anaogopa kuachwa naye peke yake, huyo anaumwa. Desturi yetu ya arobaini ni kinga kubwa: kuna bibi wa kumwogesha mtoto, kuna uji, kuna mtu wa kufua. Lakini macho yote huwa kwa mtoto. Kliniki nako mtoto anapimwa uzito, mama haulizwi kitu. Wewe muulize. Na iwapo mama anasikia sauti, anasema maneno ya ajabu kuhusu mtoto, amechanganyikiwa na hajalala kwa siku kadhaa, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe peke yake naye.

*Mwanaume* mara nyingi haonyeshi huzuni bali ukali. Anagombana na kila mtu, anakunywa kuliko zamani, anabeti hadi hela ya ada, anarudi usiku wa manane ili asiulizwe kitu. Takwimu za dunia zinaonyesha wanawake ndio wanaougua sonona zaidi, lakini wanaokufa kwa kujiua ni wanaume zaidi. Tofauti hiyo itutishe. Maana yake wanaume wengi wanaumwa bila jina la ugonjwa wao kutajwa.

*Kijana wa shule* anashuka alama, anajifungia na simu, anaumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, anafoka kwa jambo dogo, au anavaa mikono mirefu wakati wa joto ili kuficha alama za kujikata. Shuleni wataita utovu wa nidhamu. Viboko havijawahi kutibu sonona. Kenya na Tanzania zote zina namba ya bure ya watoto, 116, anayoweza kupiga mtoto mwenyewe au mtu mzima mwenye wasiwasi juu yake.

*Mzee* anasahau, anakataa chakula, anasema "mimi nimeshaishi ya kutosha," na wote tunasema ni uzee. Sonona ya uzeeni inafanana sana na kupoteza kumbukumbu, ila yenyewe inatibika. Usiruhusu neno "uzee" lifunge mlango wa hospitali.

Mwenye *ugonjwa wa kudumu*, kama kisukari, VVU, kifua kikuu, saratani au kiharusi, yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Mtu aliyekuwa akimeza dawa zake vizuri akaacha ghafla, usikimbilie kumwita mkaidi. Huenda haoni sababu ya kuishi.

Na *aliye mbali*. Binti anayefanya kazi za ndani Riyadh au Muscat, pasipoti ikiwa kwa mwajiri, atatuma hela kila mwezi na kusema "niko salama," huku ujumbe wake wa sauti ukizidi kuwa mfupi. Ndugu aliyehamia Sweden au Minnesota anakutana na miezi ya baridi ambayo jua linazama mapema alasiri. Wapo wanaoshuka kila mwaka majira hayo na kupanda tena msimu wa joto, na kwao mwanga mkali wa taa maalumu asubuhi ni sehemu ya tiba. Aliye kambini Nyarugusu au Kakuma ana mzigo mwingine kabisa: aliyoyakimbia, na kungoja kusikokuwa na tarehe.

Hatua ya 2: Acha kutafuta sababu moja

Familia hutaka kujua nani kasababisha. Ni mume? Ni deni? Ni jirani mwenye husuda? Sonona huja kwa mambo kadhaa kukutana. Kuna kurithi: ikiwa mzazi au ndugu wa damu aliwahi kuugua, hatari inaongezeka, ingawa si lazima yampate. Kuna aliyoyapitia utotoni, hasa kupigwa, kutelekezwa na kudhalilishwa kingono. Kuna kufiwa, kipigo ndani ya ndoa, njaa, madeni ya mikopo ya mitaani, upweke. Kuna mwili wenyewe: upungufu wa damu na tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango huleta uchovu na huzuni vinavyofanana kabisa na sonona, na baadhi ya dawa huvuruga hisia. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kwa wenye VVU kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake, iliwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya na huzuni.

Pombe ina pande mbili. Mtu anakunywa ili apate usingizi, usingizi wa pombe unakatika usiku wa manane, kesho yake moyo unakuwa mzito zaidi, na anakunywa tena. Mirungi nayo ina mtindo huo huo: juu jioni, chini asubuhi.

Na wapo wanaougua bila tukio lolote la kuonekana. Ana nyumba, ana watoto, ndoa ina amani, na bado anaumwa. Usimdai sababu. Hata yeye hana.

Hatua ya 3: Zungumza naye, na chagua nani azungumze

Hili ndilo jambo linaloamua mengi, na linaharibika kwa haraka. Usimkalishe mbele ya kikao cha ukoo. Mtu mwenye sonona tayari anajihukumu. Ukimwekea wazee saba mbele yake, amepata mahakama kamili. Aende mtu mmoja, kwa faragha, tena yule anayeweza kuambiwa.

Kwa mzee, mtu huyo mara nyingi ni mjukuu. Babu hamwambii mwanawe wa kiume kwamba halali usiku, ila mjukuu, ambaye ni mtani wake, anaweza kumuuliza lolote wakiwa wamekaa barazani. Kwa mwanaume, zungumza mkiwa na shughuli: mnatembea, mnatengeneza pikipiki, mnashona nyavu, mnakunywa kahawa. Wanaume wengi husema zaidi wakiwa hawatazamani usoni. Kwa mama aliyejifungua, chukua mtoto kwanza, mwache aoge na kula, ndipo umuulize.

Anza na ulichokiona, usianze na jina la ugonjwa. Kwa mfano:

"Dada, wiki hizi tatu sikuoni kwenye kikoba, na usiku nasikia unatembea tembea. Sijaja kukulaumu. Nimekuja kukaa na wewe. Moyoni hali ikoje?"

Kisha nyamaza. Kunyamaza kwenyewe ni kazi. Akisema "hamna kitu," usimshinikize: "Sawa dada. Nitapita tena Alhamisi." Na Alhamisi upite kweli. Wengi hufunguka mara ya pili au ya tatu, wakishaona hukuja kwa udaku.

Kuna maneno yanayosemwa kwa nia njema na yanaumiza. "Vumilia, sote tunapitia." "Wenzako wana shida kuliko wewe." "Una kila kitu, unahuzunika nini?" "Jikaze wewe ni mwanaume." Mgonjwa anayasikia kama ushahidi kwamba yeye ni dhaifu na mtovu wa shukrani, jambo ambalo ugonjwa wenyewe unamwambia usiku kucha. Mwambie badala yake: "Pole. Huu unaonekana ni ugonjwa, na una tiba. Twende wote."

Nyumba nyingi zitamwambia aongeze ibada. Sioni ubaya wowote katika dua na sala, na kwa wengi ndizo zinazowashika wasianguke kabisa. Ubaya upo pale ibada inapotumiwa kumzuia asitibiwe, au anapoambiwa anaumwa kwa sababu imani yake ni haba. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa. Wakristo wanaweza kusoma 1 Wafalme sura ya 19: Eliya, nabii aliyetoka kushinda pale Karmeli, anakaa chini ya mti nyikani na kuomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ukimfikisha kwa shehe, padri au mchungaji anayeelewa hivi, umepata msaidizi mkubwa. Ukikuta mahali panapofunga watu kwa kamba au minyororo, panapowapiga au kuwanyima chakula kwa siku nyingi na kuwaambia waache dawa, mtoe hapo.

Hatua ya 4: Muulize waziwazi kuhusu kujiua

Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utampa wazo. Haiwi hivyo. Kuulizwa kwa upole humpa mtu nafasi ya kuutua mzigo alioubeba peke yake. Uliza kwa maneno ya kawaida: "Kuna wakati unaona heri ungekufa? Umewahi kufikiria kujitoa uhai? Umepanga utafanyaje?"

Akikiri kuwa amewaza lakini hana mpango, apelekwe kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Akiwa na mpango, na hasa akiwa ameshaandaa kitu, ameanza kugawa mali zake au kuaga watu, usimwache peke yake hata dakika moja. Ondoa nyumbani au fungia kwa kufuli viuatilifu vya shambani, sumu ya panya, vidonge vyote na kamba, na mpeleke hospitali mkiwa wawili. Usikubali kuapishwa kwamba hutamwambia mtu. Mjibu: "Nakupenda, kwa hiyo siwezi kulificha hili. Nitamwambia daktari tu, na nitakuwa pembeni yako." Kenya kuna namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, inayotoa ushauri wa kisaikolojia.

Hofu ya polisi imewafanya watu wengi kuficha. Sheria za wakoloni zilizorithiwa na nchi zetu zilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu ya nchi hiyo kinakiuka katiba. Ningependa kuona kila nchi ya eneo hili ikimtazama mtu huyo kama mgonjwa. Kwa vyovyote, mahali ulipo, hofu hiyo isikucheleweshe kumfikisha mtu kwenye huduma. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatua ya 5: Mfikishe kituo cha afya kilicho karibu

Usianze kwa kuwaza hospitali kubwa za magonjwa ya akili kama Mirembe, Mathari au Butabika. Hospitali hizo zina kazi kubwa, lakini kuzitaja mwanzoni humtisha mgonjwa, kwa kuwa anasikia "umekuwa chizi." Sonona nyingi hutibiwa na tabibu au muuguzi wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Uliza siku ya kliniki ya afya ya akili. Hospitali nyingi za wilaya zina siku maalumu kwa wiki.

Nenda naye. Nasisitiza hili kwa sababu mtu mwenye sonona akifika mapokezi na kukuta foleni, anageuka. Beba dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba, pamoja na karatasi za vipimo vya awali. Siku moja kabla, andika dalili na tarehe zilipoanza, maana mbele ya daktari atasema "naumwa kichwa tu" na dakika tano zitakuwa zimekwisha. Mwombe ruhusa ya kuongezea: "Daktari, na zaidi ya kichwa, ana wiki tano halali na ameacha kula." Kisha toka nje ili apate dakika za peke yake, hasa mwanamke. Huenda linalomuumiza liko ndani ya nyumba, na linamhusu huyo huyo aliyemsindikiza.

Omba apimwe wingi wa damu, sukari na, inapowezekana, tezi. Na kuna swali moja ambalo mhudumu akisahau kuliuliza, wewe litaje: je, amewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kulala kwa muda wa saa mbili tu na kuamka na nguvu, kutumia hela ovyo, kuongea bila kituo, kujiona ana uwezo wa ajabu? Kama ndiyo, ugonjwa unaweza kuwa mwingine, wenye kupanda na kushuka, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha juu kwa hatari.

Kuhusu gharama, uliza mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo juu ya msamaha, na kama bima yake inahudumia kliniki hii.

Hatua ya 6: Elewa tiba yenyewe

Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo peke yake huweza kutosha. Ya kati hadi kali mara nyingi hutaka vyote viwili.

Usidhani tiba ya mazungumzo ni ya wazungu wenye makochi. Baadhi ya ushahidi mzuri kabisa umetoka Afrika. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa Mbare, Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Mpango huo, unaojulikana kama Benchi la Urafiki, ulipimwa kwenye zahanati 24 kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika 100 kwa waliokaa na bibi hao, na 50 katika 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Umeshafika Malawi na Zanzibar. Uganda, kwenye wilaya za Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwaweka watu kwenye vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, wakikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16 chini ya kiongozi mwenyeji aliyefunzwa kwa muda mfupi. Mwishoni, waliobaki na sonona walikuwa chini ya 7 katika 100. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa zaidi ya 54 katika 100. Nairobi, tiba fupi ya vikao vitano iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, iitwayo PM+, ilitolewa na wahudumu wa afya wa jamii kwa wanawake waliopitia ukatili, na ikawasaidia.

Ndiyo maana, ukiambiwa hospitali haina mwanasaikolojia, usikate tamaa. Uliza kama kuna mshauri nasaha, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefunzwa, au kikundi. Mazungumzo haya hayafanani na mawaidha. Mshauri mzuri hahubiri. Anauliza, anasikiliza, mnachagua tatizo moja linaloshikika, mnapanga hatua, wiki ijayo mnaangalia ilikwendaje.

Sasa dawa. Kwenye hospitali za umma utakutana zaidi na mbili: amitriptilini na fluoksetini. Zote ni za bei nafuu kiasi. Hakikisha mambo haya yameeleweka kabla hamjaondoka dirisha la dawa.

Hazifanyi kazi kesho. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Maudhi yake, kwa bahati mbaya, hutangulia. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, huleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo humezwa usiku. Si nzuri kwa mwenye ugonjwa wa moyo, na kwa mzee hutolewa kwa uangalifu mkubwa. Ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua, hivyo nyumba yenye mtu anayewaza kifo isikae na vidonge vya mwezi mzima mikononi mwake. Mwingine avitunze na ampe kwa dozi. Fluoksetini humezwa asubuhi na huweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi wa siku za mwanzo na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Hili la mwisho wanaume huacha dawa kimyakimya kwa ajili yake. Mwambie alitaje kwa daktari, kwa kuwa kuna dawa mbadala.

Hazileti uraibu kama watu wanavyosema, ila haziachwi ghafla. Hupunguzwa taratibu, la sivyo mtu anapata kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na mishtuko kichwani. Mtu akipona anaendelea nazo miezi mingine 6 hadi 12. Tramadoli, inayouzwa holela mitaani, ni hatari ikichanganywa na fluoksetini. Pombe iwekwe kando.

Mjamzito na anayenyonyesha wasijiamulie kuacha wala kuanza; daktari ana dawa za kuchagua, na kwa anayenyonyesha setralini mara nyingi hupendelewa kuliko fluoksetini. Watoto walio chini ya miaka 12 hawapewi dawa hizi kwa sonona katika huduma za kawaida. Kijana hupewa chini ya mtaalamu tu, na wiki za mwanzo atazamwe kwa karibu, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua.

Hatua ya 7: Miezi ya katikati

Wiki ya kwanza ndugu wote wapo. Mwezi wa pili amebaki mmoja. Mgonjwa naye ameanza kupata nguvu kidogo, hajapata furaha bado, na hapa ndipo wengi huacha dawa au kliniki. Ukitaka kusaidia kweli, jiandikishe kwa ajili ya miezi hii.

Sonona humwambia mtu asubiri moyo uwe mwepesi ndipo afanye kitu. Tiba inaenda kinyume: kitendo kidogo kwanza, moyo unafuata. Pangeni vitu viwili kwa siku, vidogo hadi vionekane vya kitoto. Kuoga kabla ya saa nne. Kutoka hadi dukani na kurudi. Kumwagilia mchicha. Vikitimia, ongezeni. Usimwambie "leo njoo ukae kwenye harusi" wakati bado hawezi kukaa sebuleni na wageni. Mwendo wa miguu, nusu saa karibu kila siku, husaidia kweli, hasa asubuhi penye jua. Kitandani alale na kuamka saa zile zile, na simu ilale chumba kingine.

Chukua pia kazi zinazomlemea: nenda mzungumze na mkopeshaji juu ya kuahirisha marejesho, ongea na mwalimu wa mtoto, mpelekee chakula kilichokwisha pikwa. Kwa mtu ambaye hawezi kuamua avae nini, sahani ya wali na maharage mezani inasaidia kuliko ushauri wa saa nzima. Kama anapigwa nyumbani, tafuteni kwanza pa kumweka salama. Hakuna kidonge kinachotibu kipigo kinachoendelea.

Aliye ughaibuni, mpangieni zamu ya simu. Jumapili mama, Jumatano kaka. Na mpunguzieni maombi ya hela, walau kwa muda. Wengi wao huko huugua wakiwa wamebeba ada, ujenzi na matibabu ya ukoo mzima, na kila simu kutoka nyumbani ni ombi jingine. Kama mwajiri anamtesa au amemnyang'anya pasipoti, ubalozi wa nchi yake ndio pa kuanzia.

Wewe unayeuguza, gawana zamu. Ukianza kukosa usingizi na kumchukia mgonjwa, omba mtu akushike mkono wiki nzima.

Hatua ya 8: Jiandaeni ikirudi

Aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena, na kila kipindi huongeza uwezekano wa kingine. Akiwa mzima, kaeni muandike kwenye karatasi dalili zake za mwanzo, zile zake mwenyewe. Kwa mmoja ni kuacha kujibu jumbe. Kwa mwingine ni kuamka saa tisa, au kuacha kusuka nywele, au kuacha kwenda msikitini Ijumaa. Andikeni chini yake nani ataambiwa kwanza, dawa gani ilimfaa na kwa kiasi gani, na siku ya kliniki. Nakala moja akae nayo, nyingine akae nayo yule atakayepita Alhamisi.